Sura ya Nne: Kitanda cha Macho

Mlango ulikuwa wazi, lakini Inspekta alibisha hivyo hivyo.

"Kama umeleta maboksi, weka hapo," alisema mwanaume aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akifunga vitabu kwa kamba. "Kama umeleta matatizo, mwenyewe yuko dirishani."

"Nimeleta matatizo."

"Basi hujapotea. Ingia, jihadhari na hizo tasnifu, zimeshanivunja kidole kimoja."

Profesa aligeuka kutoka dirishani. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele za mvi amezinyoa karibu na ngozi, na kifuani amebandika saa ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla hajastaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa amefundisha takwimu katika chuo cha uuguzi, akafanya utafiti wa afya ya jamii uliosomwa mbali kuliko alikowahi kufika mwenyewe. Wanafunzi walimwita Mama Wastani, ingawa hakuna aliyewahi kukaa naye dakika kumi akamwona wa wastani.

Inspekta hakukaa. Alisukuma vikombe pembeni, akatandaza karatasi moja mezani. Ilikuwa na jedwali lenye miraba myekundu.

"Nesi wa wadi ya tatu," alisema. "Tangu juzi yuko mahabusu. Wagonjwa ishirini na saba wamekufa katika wadi ile kwa mwaka mmoja. Ishirini na mmoja kati yao wamekufa kwenye zamu yake. Alipokwenda likizo ya uzazi, vifo vikakaribia kukoma. Aliporudi, vikarudi naye. Jedwali ni la Naibu Mkurugenzi wa hospitali."

"Amelipaka rangi vizuri," Profesa alisema.

"Kuna na shahidi, mgonjwa aliyelazwa pale. Anasema yule nesi akivuta pazia, mtu hatoki mzima."

"Na maabara?"

"Haikuona sumu. Mkuu wangu anasema maabara haioni kila kitu. Kesho saa tatu asubuhi tunampeleka mahakamani kwa mauaji. Nataka saini yako tu, Profesa. Mtaalamu athibitishe kwamba jambo kama hili haliwezi kutokea kwa bahati."

Profesa alivaa miwani. Alipitisha kidole juu ya miraba, taratibu, kama anayetafuta uvimbe chini ya ngozi.

"Haliwezi," alisema.

Mwanaume wa sakafuni aliacha kamba.

"Haliwezi kutokea kwa bahati," Profesa alirudia. "Kuna sababu. Hilo naweza kukusainia sasa hivi. Ila sababu yenyewe mimi siijui. Wewe unaijua?"

"Sababu iko mahabusu."

"Hapo umeruka shimo, Inspekta, na hukutazama chini." Aligonga ile namba ishirini na moja kwa ukucha. "Juu hapa mmeandika waliokufa. Chini yake kuna nani?"

"Chini ya nini?"

"Ya namba hii. Ishirini na mmoja kati ya wangapi? Na usiniambie ishirini na saba, hao nao ni waliokufa."

Inspekta aligeuza karatasi akatazama nyuma. Mwanaume wa sakafuni akacheka hadi akashika mbavu.

"Usijisikie vibaya, kaka. Hata mimi niligeuza hivyo hivyo, mwaka wa kwanza wa ndoa."

Inspekta hakucheka. Alimtazama Profesa usoni. "Unamfahamu huyu nesi?"

"Nilimfundisha. Mara moja nilimfelisha pia, akarudi akiwa mkali zaidi."

"Kwa hiyo una upande."

"Ninao. Ndiyo maana sitakupa jibu hata moja, maana jibu langu mahakamani litaitwa huruma. Nitakupa maswali mawili, ukawaulize watu ambao mimi sijawagusa. La kwanza: nesi huyu hupangiwa wagonjwa gani, na nani anayempangia? La pili: alipokuwa likizo, wagonjwa wa aina ile walikwenda wapi?"

"Ni hayo tu?"

"Ukiyapata hayo utakuja mwenyewe na la tatu."

Mwanaume wa sakafuni, mume wa Profesa, alimsindikiza Inspekta hadi chini, boksi begani, akipumua kwa nguvu kila ngazi.

"Alianza akiwa nesi wa kawaida tu, wadi ya wazazi," alisema bila kuulizwa. "Siku moja mama mmoja akamfia mikononi. Daktari akamwambia, hutokea. Yeye akauliza, hutokea mara ngapi? Hakuna aliyejua, hospitali nzima! Basi akaanza kusoma hesabu jioni, anakaa darasa moja na watoto wa rika la mpwa wake, amevaa sare bado ina dawa. Wauguzi wenzake wakamwona msaliti. Watu wa hesabu wakamwona mtu wa kubadilisha mashuka. Akawapita wote." Alitua boksi. "Unajua kwa nini leo wadi haziruhusiwi kuacha wagonjwa arobaini kwa nesi mmoja? Aliingia kwenye kikao cha wakubwa na mchoro mmoja, mstari mmoja tu, akakaa nao hadi wakaacha kuchezea simu."

"Unajivunia."

"Najivunia na kulalamika. Mke wangu aliolewa na hesabu kabla yangu. Mimi ni mume mwenza, na sijawahi kupata zamu ya haki."

* * *

Katika wadi ya tatu Inspekta alifanya alichofanya kila mara: alisimama mlangoni akafunga mdomo.

Safu mbili za vitanda. Sakafu ya simenti iliyopakwa rangi ya kijani. Meza ya wauguzi mwisho wa chumba, na mbele ya meza hiyo, kimejitenga na safu zote mbili, kitanda kimoja. Kilikuwa kitupu. Pembeni yake palikuwa na kiti ambacho mto wake umebonyea kabisa.

Alichuchumaa. Rangi ya sakafu ilikuwa imechubuka kwa magurudumu. Kutoka kila kona ya wadi michubuko ilitoka, ikakutana, ikawa njia moja pana, na njia hiyo iliishia kwenye kitanda kile.

Matroni alikuja akikaza mkanda wa sare. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamsha waliolala kwa nusukaputi.

"Afande, ukitaka kusali, kuna chumba chake."

"Kitanda hiki kinaitwaje, Matroni?"

"Nani amekwambia kina jina?"

"Sakafu."

Matroni alishusha macho kwenye ile michubuko. Kisha aliketi kwenye kile kiti kilichobonyea.

"Kitanda cha macho," alisema. "Mgonjwa akianza kuteleza, tunamsukuma hapa. Hapa macho ya meza yote yako juu yake, huwezi kuinua kichwa bila kumwona. Na tunampa mikono bora tuliyo nayo kwenye zamu."

"Mikono ya nani?"

"Mikono mliyoifunga pingu."

"Kila mara?"

"Kila akiwepo. Mimi mwenyewe ndiye nampangia. Ungekuwa wewe umelala hapo roho iko kooni, ungetaka nikupe nani? Yule anayejifunza kufunga bandeji?"

Inspekta aliandika. "Kwa hiyo kila anayekaribia kufa, anapelekwa kwake."

"Anapelekwa kwake ili asife!" Wagonjwa wawili waligeuka. Matroni akashusha sauti. "Baba, mimi nimeshasema haya kwa Naibu. Akaniambia nilete takwimu. Ningeleta wapi? Mimi nina wadi."

"Na pazia?"

"Pazia gani tena?"

"Shahidi anasema akilivuta, mtu hatoki mzima."

"Shahidi anasema kweli. Nesi mzuri huona mtu anaondoka kabla mashine haijaona. Akishaona hakuna la kufanya, huvuta pazia, hukaa hapa nilipokaa, humshika mkono. Wengine wa safu hizi hawana sababu ya kutazama." Alipapasa mto wa kiti. "Unadhani huu umebonyea kwa makalio ya nani?"

Inspekta alilipiga mstari neno pazia katika karatasi yake. Jambo lilikuwa limekaa kichwa chini tangu mwanzo, kama saa ya Profesa: kifo ndicho kilileta pazia, wao wakasoma kwamba pazia lilileta kifo.

Lakini bado kulikuwa na ile likizo. Hapo ndipo jedwali lilipokuwa na meno.

"Alipokwenda kujifungua," aliuliza, "kitanda hiki alipewa nani?"

"Hakuna. Nilikipeleka stoo."

"Kwa nini?"

"Kitanda cha macho bila mtu wa kukiweza ni udanganyifu. Nilikataa. Wagonjwa wa aina ile niliwashusha wadi ya tano miezi yote mitatu. Aliporudi, nikakitoa stoo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Naibu alikwenda wadi ya tano?"

"Naibu?" Matroni alicheka kwa pua. "Wadi ya tano iko chini, ofisi yake iko juu. Zile ngazi zinamchosha."

Inspekta alikuwa tayari amefika mlangoni Matroni alipomwita. "Afande! Hilo wazo la kitanda halikuwa langu. Ni utafiti wa kwanza kabisa wa mwalimu wetu. Sisi wote tulisomeshwa hilo. Mama Wastani."

* * *

Msimamizi wa wadi ya tano alikuwa nesi wa kiume mrefu, mabega yameinama kwa kuinua watu. Hakuhitaji kukumbushwa miezi ile.

"Kwa kawaida katika miezi mitatu tunaondokewa na wanne," alisema. "Safari ile walikuwa kumi na saba. Tulifika mahali hatusalimiani, tunatazamana tu."

"Walioshushwa kutoka juu walikuwa wangapi?"

"Ishirini. Kati yao saba walirudi kwao. Hao saba nawajua mmoja mmoja, afande, maana niliwaaga kama ndugu."

Inspekta alisimama kwenye ngazi akafanya hesabu ambayo hakuwa amefanya tangu shule. Kumi na saba, ondoa wanne wa kawaida. Kumi na watatu. Kati ya ishirini.

Vifo havikuwa vimekoma. Vilikuwa vimeshuka ghorofa mbili, mahali ambapo jedwali halikufika.

* * *

Kituoni, kwenye kaunta, bibi mmoja mwenye kitenge kichwani alikuwa akigombana na koplo. Mgongoni alibeba mtoto anayelia.

"Mimi ni mama mkwe wake," alisema alipomwona Inspekta. "Mjukuu wangu anataka kunyonya. Mnamruhusu, au na yeye mtamfungulia jalada?"

"Mpitishe," Inspekta alimwambia koplo.

"Nilipomletea mwanangu maneno kwamba huyu binti ana kiburi," bibi aliendelea akimfungua mtoto, "ilikuwa siri ya nyumbani kwetu. Kiburi anacho. Kuua hana. Andika hivyo hivyo."

Nesi alipokea mtoto, akageuka ukutani, akamnyonyesha. Inspekta alisubiri hadi kilio kikawa pumzi. Ndipo akaketi.

"Kwa nini hukuniambia habari za kitanda cha macho?"

"Uliniuliza kama nilikuwepo walipokufa. Nilikuwepo. Ukaniuliza kama nilivuta pazia. Nilivuta. Nikaanza kueleza, ukaniambia nijibu ninachoulizwa."

Alikuwa amesema hivyo kweli, kwa maneno hayo hayo. Inspekta alikohoa.

"Nakuuliza sasa. Wangapi walilala kitanda kile kwenye zamu zako, wakainuka, wakaenda nyumbani?"

Nesi aligeuza uso kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Hao hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Nauliza mimi."

"Yuko fundi viatu aliyekuwa akinitukana kila nikimchoma sindano. Nilipoona ameacha kutukana nilijua hali imeharibika, nikakimbia kumwita daktari. Yuko mama wa mapacha, aliyekuwa hajui kama amejifungua. Yuko dereva wa lori aliyeniposa siku tatu mfululizo, na siku ya nne alipopata fahamu akaniomba radhi mbele ya mkewe." Aliendelea. Hakutaja jina hata moja. Alitaja vikohozi, vidonda, matusi, ndoto walizoropoka. Mtoto alilala, mama mkwe akamchukua, yeye bado anataja. Inspekta aliweka alama kwa kila mmoja, mistari minne wima na mmoja wa kukata, hadi vikundi vikafika nane na alama mbili juu yake.

Arobaini na wawili.

Alisimama, akampigia Matroni. "Hawa watu, Matroni. Walio hai. Mna namna ya kuwapata?"

"Kliniki zao za marudio ziko kwangu. Unawataka wa nini?"

"Kesho saa mbili asubuhi, kituoni. Wote watakaoweza kutembea."

* * *

Saa mbili unusu asubuhi, Mkuu wa kituo alikuwa ofisini na Naibu Mkurugenzi. Naibu alikuwa nadhifu, tai imekaza, jedwali jipya mkononi, safari hii kwa karatasi ngumu. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwa dhati kwamba kuna muuaji ndani ya hospitali yake, na aliyekosea kwa nia safi ndiye mgumu kuliko wote kumrudisha.

Profesa aliletwa na mumewe. Inspekta alimkuta kwenye kizingiti.

"Hukuniambia kwamba kitanda ni chako."

"Ningekuambia, ungesema najitetea mwenyewe. Nilitaka ukione kabla ya kunisikia mimi." Alimtazama juu kupitia miwani. "Umeniletea swali la tatu?"

"Nimekuletea jibu lake."

Wakaingia. Inspekta alieleza akiwa amesimama: kitanda, Matroni anayepanga, pazia, stoo, wadi ya tano. Naibu alisikiliza akikunja na kukunjua kona ya karatasi yake.

"Kwa nesi huyu," Inspekta alimaliza, "waliolazwa kitanda kile ni sitini na watatu. Kila watatu, mmoja alikufa, wawili wakaenda kwao. Alipokuwa likizo, wagonjwa wa hali ile ile wadi ya tano: kila watatu, wawili walikufa."

"Profesa," Mkuu alisema, "hiyo imethibitisha kwamba huyu binti anaokoa watu?"

Inspekta alikuwa na hakika kwamba Profesa angejibu ndiyo. Kila mtu chumbani alijua. Mwanafunzi wake alikuwa ukuta mmoja tu kutoka pale, na neno moja lilitosha.

"Hapana," Profesa alisema. "Ishirini ni wachache. Wadi ya tano ilielemewa, na hilo pia huua. Sema inaelekea huko. Nikikudanganya leo kwa ajili ya mtu ninayempenda, kesho hutaniamini kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Lakini hili nitaliapia popote: jedwali hili haliwezi kumtofautisha muuaji na nesi bora wa hospitali. Wote wawili watakutwa kando ya wanaokufa."

Mkuu aliegemea kiti. Kwa miaka mingi ya kazi alikuwa amesikiliza mashahidi wakitia chumvi, na masikio yake yalimjua asiyetia.

"Mimi nilikuwa darasani kwako," Naibu alisema polepole. "Uliwahi kutuuliza hilo swali. Chini yake kuna nani."

"Ulikaa nyuma, karibu na mlango. Ulikuwa na haraka tangu wakati ule."

"Hizi bado ni namba," Mkuu alisema. "Mwendesha mashtaka atataka kitu cha kushika."

Inspekta alifungua mlango.

Benchi la korido lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walisimama ukutani hadi kwenye geti. Mzee mwenye mkongojo. Mama mwenye mapacha, mmoja kila mkono. Mwanaume mnene wa lori pamoja na mkewe, aliyemshika mkono kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Matroni alikuwa akiwapanga kama yuko wadini.

"Hawa ni nani?" Mkuu aliuliza.

"Ni hesabu iliyokosekana, Afande. Walio hai hawafunguliwi jalada, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu."

Mzee mwenye mkongojo aliinua kidole. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi na rangi ya viatu. "Bwana Mkubwa, huyo nesi wenu ana mkono mzito kama nyundo. Nimekuja kumtukana. Mleteni, nichelewe kufungua kibanda kwa sababu ya maana."

Mkuu alitazama korido kutoka mwisho huu hadi ule. Kisha alinyanyua simu, akamwambia mwendesha mashtaka gari la saa tatu lisije, na akamwagiza koplo alete funguo.

Nesi alipotokea, kelele zilikatika. Alisimama na kanga begani, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza bila sauti. Inspekta alitambua kwamba alikuwa akiwahesabu. Fundi viatu alifungua mdomo atukane, akashindwa, akamshika mkono tu. Mama mkwe alipenya katikati ya watu akamkabidhi mtoto.

"Chukua mtoto wako," alisema. "Ana kiburi kama chako, amekataa chupa."

Profesa alikuwa bado mlangoni. Mumewe alimpa leso. Alifuta miwani, halafu macho, kwa mpangilio huo. Inspekta alimsogelea akiwa na ile karatasi ya kwanza, yenye miraba myekundu na alama ya kikombe pembeni.

"Juzi, sijui jana, ulisema unaweza kunisainia," alisema. "Kwamba haliwezi kutokea kwa bahati."

"Jana," alisema Profesa. "Lete kalamu."

Aliiegemeza karatasi ukutani. Chini ya ishirini na moja alichora mstari, umenyooka bila rula. Chini ya mstari akaandika sitini na tatu. Kisha akasaini.